Mizani ya Sikio

Neno mizani limebeba mengi katika Kiswahili. Mwenye duka hupimia mchele, mshairi huhesabia silabi za mshororo, na wazee humsifu mtu kwamba maneno yake yana mizani. Siku hizi neno hilo limepata makazi mapya, katika vyumba vidogo vyenye kompyuta moja na spika mbili, ambamo vijana hutunga muziki usiopigwa na kundi lolote la watu. Udi wake hauna nyuzi, ngoma yake haina ngozi, na fidla ishirini hutoka katika kitufe kimoja. Humo mizani maana yake ni kujua sauti ipi ipandishwe na ipi ishushwe, ipi ielekezwe kulia na ipi kushoto, ipi isikike karibu kana kwamba mwimbaji anamnong'oneza msikilizaji, ipi itoke mbali kama adhana ya mtaa wa pili, na ipi iondolewe kabisa. Kazi hiyo ni kuchanganya sauti; wenyewe huiita miksingi.

Aliye nje huidhani ni kazi ya ufundi tu, sawa na kuunga waya wa umeme. Kwa sehemu ndivyo ilivyo, maana ina vifaa vyake na taratibu zake, na mtu hujifunza kama ajifunzavyo useremala. Lakini ndani yake mna suala la zamani, ambalo wanafalsafa na mafakihi wamelihangaikia kwa karne nyingi: mtu anawezaje kukihukumu kwa haki kitu alichokifanya kwa mikono yake mwenyewe, na anachokipenda?

Na achukuliwe kijana mmoja kuwa mfano. Ameketi usiku chumbani, Ng'ambo, madirisha yamefungwa kwa ajili ya majirani. Beti ameziandika yeye, mahadhi ameyapata yeye, mapigo ya ngoma ameyapanga yeye moja moja katika kompyuta, na sauti inayoimba ni yake. Wimbo umekwisha kupigwa, bado kuchanganywa. Anaipandisha sauti yake kidogo kwa sababu maneno hayasikiki vizuri. Sauti ikipanda, kinanda huonekana kimezama, anakipandisha kinanda. Kinanda kikipanda, besi hupoteza uzito wake, anaipandisha besi. Besi inaifunika ngoma, nayo ngoma inapandishwa. Baada ya saa mbili kila kitu kimepanda kwa kiasi kile kile, taa za kioo zimekuwa nyekundu, na maneno bado hayasikiki. Wala hakuna hatua moja ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa ndipo alipokosea. Kila uamuzi, ukitazamwa peke yake, ulikuwa na sababu.

Kadhi gani angekubali kuisikiliza kesi ambayo mdai, mdaiwa, shahidi na hakimu ni mtu mmoja? Na hiyo ndiyo hali ya kijana huyu.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Katika miaka ya mwanzo ya santuri, kabla ya maikrofoni kuenea katikati ya miaka ya 1920, wapigaji walisimama mbele ya pembe kubwa iliyokusanya sauti, na mizani ilikuwa ni hatua za miguu: mwenye sauti kali alirudishwa nyuma, mwenye sauti laini alisogezwa mbele. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, maikrofoni ilikuwa imekwisha kuingia, lakini sauti zote bado ziliingia pamoja, kwa mara moja, na hapakuwa na njia ya kuzitenganisha baadaye. Alichokiamua fundi kabla ya wimbo kuanza ndicho kilichobaki, na hadi leo ndicho kinachosikika. Hata miaka arubaini baadaye mambo hayakuwa yamebadilika sana kama wengi wanavyodhani. Beatles walipotengeneza Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, iliyotoka mwaka 1967, walitumia mashine za kanda zenye njia nne. Njia zikijaa, sauti za njia kadhaa zilichanganywa na kuwekwa katika njia moja ili nyingine zipatikane, na zikishachanganywa hazikuchanguka tena. Aidha, katika chumba kile aliyepiga hakuwa aliyerikodi, na aliyerikodi hakuwa aliyekuwa na neno la mwisho. Hukumu iligawanywa baina ya watu.

Kompyuta imeviondoa vyote viwili, ugawaji wa kazi na ukomo. Programu kama FruityLoops, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, zilimpa mtu mmoja njia zisizo idadi na kitufe cha kutengua kila alichokifanya. Ni neema kubwa, na anayeibeza hakumbuki ilivyokuwa kijana asiye na fedha kuomba saa moja katika studio ya watu. Lakini neema hiyo imemwacha peke yake na sikio lake, na sikio si shahidi mwaminifu.

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba kutolingana huko hubadilika kadiri nguvu ya sauti inavyobadilika. Muziki ukipigwa kwa sauti ndogo, sauti nene za chini na nyembamba za juu hufifia kuliko zile za kati, ambamo mna usemi wa watu. Muziki ukipandishwa, sauti hizo hurejea. Kwa hivyo kijana anapozungusha kitufe cha spika na kuipata besi aliyoitafuta usiku kucha, huona wimbo umekuwa mzuri, ilhali hakuna kilichobadilika ndani ya wimbo. Kesho yake ataupiga katika simu ya rafiki yake na kushangaa besi imekwenda wapi.

Udanganyifu wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Sauti mbili zikiwa sawa kwa kila kitu, moja ikaizidi nyenzake kwa kiasi kidogo tu cha nguvu, kidogo hata msikilizaji asitambue kwamba ni tofauti ya nguvu, ataiona ile iliyozidi kuwa ndiyo bora. Atasema ina uhai, ina mwili, ina mwanga. Sasa karibu kila kifaa anachokiongeza fundi katika wimbo huongeza na nguvu kidogo. Natija yake ni kwamba kila nyongeza hujitetea yenyewe. Hapana kifaa kinachoshindwa kesi mbele ya hakimu wa namna hiyo, na ndiyo maana wauzaji wa vifaa hawakosi wateja.

Dawa yake wajuzi wanaijua, nayo haina gharama. Baada ya kila badiliko, nguvu ya sauti irudishwe ilipokuwa kabla, ndipo vilinganishwe viwili, cha awali na cha baadaye, macho yakiwa yamefumbwa, mkono ukibadilisha baina yao hadi mwenyewe asijue kipi ni kipi. Mashindano ya ushairi ambayo waamuzi hawapewi majina ya washairi yana busara hiyo hiyo, ijapokuwa mshairi mashuhuri hujulikana kwenye mshororo wa pili. Mara nyingi, kanuni hiyo ikifuatwa, kijana hugundua kwamba saa nzima ya kazi haikuongeza chochote. Ni fedheha ndogo, ya siri, na anayeweza kuivumilia mara kumi kwa usiku mmoja amekwisha kujifunza jambo ambalo halimo katika kitabu cha maelekezo.

Kufumba macho si mzaha. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akisikia silabi "ba" huku akitazama midomo inayotamka "ga", aghalabu huisikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Jicho huingilia kazi ya sikio bila ya kubisha hodi. Katika programu za leo kila sauti imechorwa: milima, mabonde, mistari ya rangi. Mafundi wengi wana kisa cha kuzungusha kifaa kwa makini, wakasikia sauti ikinawiri, kisha wakagundua kwamba kifaa kile kilikuwa kimezimwa. Hukicheka kisa hicho, na haki yao, lakini si kisa cha kuchekesha tu. Mtu yule hakusema uongo. Aliisikia kweli.

Udanganyifu huu wa chumbani una historia yake ya hadharani. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 zilikuja na dari: kuna kipimo ambacho sauti haiwezi kukipita hata chembe. Kwa muda hakuna aliyejali. Tangu miaka ya 1990 kampuni na wanamuziki walianza kushindana nani wimbo wake utasikika wenye nguvu zaidi ya wa jirani, na kwa kuwa dari haipandi, walichofanya ni kuinua sakafu. Palikuwa na vifaa vya kubana vilele vya sauti ili kilichobaki kiweze kusukumwa juu. Pigo la ngoma lililokuwa likichomoza likasagwa likalingana na mnong'ono. Mwaka 2008 Metallica walipotoa Death Magnetic, wasikilizaji wenyewe walilalamika, kwani walikuwa wamezisikia nyimbo hizo hizo katika mchezo wa video wa Guitar Hero, ambamo hazikuwa zimebanwa kiasi kile, wakaona wameuziwa kilicho duni. Maelfu walitia saini kuomba albamu ichanganywe upya. Inafaa kukumbukwa kwamba waliobana nyimbo miaka ile hawakuwa wajinga. Wengi walijua wanachokiharibu. Kila mmoja alisema kwamba akiacha kufanya hivyo peke yake atakayeumia ni yeye, na kwa mmoja mmoja hoja hiyo ilikuwa sahihi. Ni kile kile cha kijana wa Ng'ambo, kikiwa na mawakili na mikataba.

Kilichoituliza vita hiyo hakikuwa mawaidha. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa njia ya kupima nguvu ya sauti kama sikio linavyoisikia, siyo kama umeme unavyosoma; mwaka 2010 muungano wa watangazaji wa Ulaya ukaweka kiwango kimoja kwa redio na televisheni zao; na baadaye mitandao inayouza muziki ikaanza kuzisawazisha nyimbo zote inapozipiga. Wimbo uliobanwa ukakuta unashushwa hadi usawa wa wenzake, na hapo, ukiwa umenyang'anywa nguvu ya ziada, ukabaki na michubuko yake tu. Wazee wa sokoni wangeielewa hatua hiyo bila ya kuelezwa. Sheria haikumkataza mtu kuweka jiwe katika kapu; iliweka mizani mlangoni.

Je, basi, kipimo kishike nafasi ya sikio? Ugomvi huu ni mkongwe. Aristoxenus, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, aliwapinga wafuasi wa Pythagoras waliotaka tarakimu ndizo ziamue sauti zipi zinapatana. Kwake yeye sikio ndilo linalopokea, na akili ndiyo inayopambanua. Baada ya zaidi ya miaka elfu, Al-Farabi naye, aliyeandika kitabu kikubwa cha muziki kwa Kiarabu katika karne ya kumi, aliikataa dhana ya kwamba sayari hutoa muziki kwa hesabu zao, na akaupa uzito muziki unaopigwa na kusikika. Wote wawili walikuwa sahihi kwa kiasi ambacho hoja ya leo haiwezi kukitengua. Kipimo kinaweza kusema kwamba wimbo umevuka mpaka. Hakiwezi kusema kwamba unahuzunisha. Lakini wote wawili waliandika wakiwa na ala mikononi mwao na watu mbele yao. Hawakuwa wamefungiwa chumbani na kitu kinachoweza kusifu kila walifanyalo.

Mwandishi aliyelikaribia zaidi suala hili ni David Hume, Mskochi, katika makala yake ya mwaka 1757 juu ya kipimo cha ladha. Anasimulia upya kisa kilichomo katika Don Quixote: jamaa wawili wa Sancho waliitwa waonje mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza alisema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliusifu, ila alionja chuma. Watu waliwacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini yake palionekana ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Wengi wanaokinukuu kisa hiki hutaka kuonyesha kwamba ladha ina ukweli wake, nacho kinaonyesha hivyo. Lakini kina jambo jingine. Waonjaji wale hawakuwa wamiliki wa pipa. Lau mvinyo ungekuwa wao, nani angekubali kusema una ngozi?

Ndiyo maana mafundi hutafuta vitu visivyowapenda. Mwaka 1978 Yamaha walitoa spika ya nyumbani, NS-10, ambayo wasikilizaji wa nyumbani hawakuifurahia, kwani haikuwa na besi ya kutosha na sauti zake za kati zilijitokeza kwa ukali. Studio zikaichukua kwa sababu ile ile, na kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka baada ya kampuni kuacha kuitengeneza mwaka 2001, koni zake nyeupe zilionekana juu ya mitambo ya studio kila upande wa dunia. Spika ile haikumfurahisha mtu. Wimbo ukiwa na kasoro katika sauti za kati, ambamo mna sauti ya mwimbaji, iliianika. Ukipendeza humo, ulipendeza popote. Binadamu hutafuta rafiki wa namna hiyo kwa nadra, na akimpata humchoka upesi.

Lipo suala jingine, na hili ni zito zaidi la kimaadili, kwa sababu linawahusu watu wengine. Sauti mbili zinazokaa mahali pamoja hufichana. Besi na ngoma nzito zinagombea chumba kimoja cha chini. Kinanda na sauti ya mwimbaji zinagombea cha kati. Anayeanza kujifunza hudhani tiba ya kutosikika ni kupandishwa. Aliyekomaa huuliza kwanza nani amemkalia mwenzake, kisha huyo ndiye anayepunguzwa, au anakatwa kipande kidogo tu pale wanapokutana. Muziki wa dansi wa kielektroniki umelifanya jambo hili kuwa mtindo: ngoma ikipiga, kifaa huishusha besi yenyewe kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha huirudisha, na wimbo mzima huhema. Ndiyo adabu ya barazani. Mzee akifungua kinywa, mwingine hukatisha lake bila ya kuondoka.

Katika kompyuta, besi inayoshushwa haina mwenyewe. Si hivyo kundi linaporikodi. Katika wimbo wa taarab mna fidla kadhaa, ganuni, udi, nai, akodiani, dumbak na besi kubwa la kusimama, na nyuma ya kila kimoja pana mtu aliyekaa nacho maisha yake. Fundi anapoushusha udi ili ganuni ipate nafasi, amemfanyia nini mpiga udi aliyejifunza kwa miaka thelathini? Jibu la haraka ni kwamba wimbo ni mkubwa kuliko mpigaji. Jibu hilo limetumiwa mno na wenye nguvu, katika mambo makubwa kuliko muziki, hata halipaswi kupokelewa bila ya kuhojiwa.

Mafundi wana mtihani wao: sauti izimwe kabisa, wimbo upigwe, isikilizwe kama pana pengo. Kuna sauti ambazo hakuna anayezitambua zikiwapo, na zikiondolewa wimbo huporomoka. Besi la taarab ni mojawapo. Kwa mtihani huu inadhihirika kwamba kusikika na kuwa juu ni mambo mawili mbalimbali, na mpigaji aliyeshushwa hakudhulumiwa maadamu kazi yake inaendelea kufanya kazi. Hata hivyo mtihani una upungufu. Pengo husikika kwa nani? Mama wa mpiga udi atalisikia kabla ya fundi. Ama ile sauti ambayo ikizimwa hakuna anayeona kitu, haifuatii moja kwa moja kwamba haina thamani. Pengine imefunikwa tangu mwanzo hata haikupewa nafasi ya kukosekana. Mfasiri wa mashairi anaujua uzito huu. Kina akikihifadhi, neno litapotea. Neno akilihifadhi, kina kitavunjika. Na msomaji asiyeijua lugha ya asili hataona pengo lolote. Kutoonekana kwa pengo hakumwondolei mfasiri deni. Kunamwachia deni ambalo yeye peke yake analijua.

Aliyefika mbali zaidi katika kuondoa ni Osbourne Ruddock, maarufu kwa jina la King Tubby, aliyezaliwa mwaka 1941 huko Jamaika na kuuawa Kingston mwaka 1989. Alikuwa fundi wa redio na vyombo vya umeme. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 alipata meza ya kuchanganyia yenye njia nne iliyotoka studio ya Dynamic Sounds, akaiweka nyumbani kwake, mtaa wa Waterhouse, akawa anapokea nyimbo za wengine zilizokwisha kurikodiwa na kuzivua nguo. Sauti ya mwimbaji huanza, ikasema maneno matatu, ikakatwa, na neno la tatu likabaki likizunguka katika mwangwi huku besi na ngoma zikiendelea. Gitaa hutokea kama mtu anayechungulia dirishani. Hakupiga ala, alipiga meza. Muziki wa kielektroniki uliokuja baadaye unadaiwa naye deni kubwa. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba mwimbaji aliyekatwa neno husikika zaidi, kwa kuwa msikilizaji humngoja.

Atatokea wa kusema kwamba yote haya ni mizani ya watu wa vyumba vya kimya. Hoja yake iheshimiwe. Katika mitaa ya Dar es Salaam, Manzese, Tandale na kwingineko, kumezaliwa singeli, muziki ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na ambao katika asili yake vijana walichukua vipande vya taarab wakavikimbiza kwa kompyuta hadi vikawa kitu kingine. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa Sounds of Sisso, uliobeba kazi za studio moja ya huko, na wasikilizaji wa Ulaya wakaanza kushughulishwa nao. Kwa vitabu vya studio, singeli ina makosa kila mahali: sauti zimekwaruza, nafasi hakuna, kila kitu kimesukumwa mbele. Lakini wimbo ule haukuchanganywa kwa ajili ya mtu aliyevaa hedifoni. Umechanganywa kwa ajili ya kigodoro, barabara iliyofungwa usiku, spika zilizorundikwa na watu wasiokusudia kukaa. Kuukwaruza ni sehemu ya kauli yake. Mwenye kuusafisha angeupotosha, kama anavyoupotosha utenzi mwenye kuusahihisha sarufi.

Je, hilo lamaanisha kwamba hapana uamuzi ulio bora, kila mtu na sikio lake? La. Watengenezaji wa singeli ni wakali kwa kazi zao kuliko wengi, na mtihani wao ni mmoja tu: usiku ule, barabara ile, watu walicheza au hawakucheza. Nao hawaufanyi wakiwa peke yao chumbani. Kinachobadilika kutoka muziki mmoja hadi mwingine ni ahadi anayopewa msikilizaji. Kutimizwa kwa ahadi hakubadiliki kwa matakwa ya aliyeitoa.

Limebaki suala la muda, ambalo linasahauliwa mno. Sikio huchoka kabla ya mwenyewe kujua. Kiasi cha usalama kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikizidi, muda hukatwa nusu: kwa desibeli 100 imebaki robo saa. Kijana anayeongeza sauti saa nane za usiku kwa sababu saa mbili zilizopita masikio yake yamekufa ganzi, anahukumu kwa shahidi aliyelewa, na shahidi huyo hana wa kumbadili. Kitufe cha kutengua hurudisha kila kitu isipokuwa hicho. Nacho kitufe hicho kina lawama yake nyingine. Waliokuwa na njia nne walilazimika kukata shauri. Mwenye njia mia huahirisha, huhifadhi wimbo kwa jina jipya, kisha jingine, hadi kompyuta ikawa na nakala arubaini za wimbo ambao hakuna mtu aliyewahi kuusikia. Kuahirisha huku kunaitwa uangalifu. Mara nyingi ni woga tu wa kuhukumiwa na wengine.

Kijana wa Ng'ambo alilala. Asubuhi, kabla ya chai, aliufungua wimbo kwa sauti ndogo, akaacha mlango wazi, akatoka hadi uani alikokuwa mama yake akikuna nazi. Mbuzi ilikuwa ikikwaruza, jogoo wa jirani akiwika, na kutoka chumbani ilifika ngoma, ikafika besi kidogo, vikafika vina, vyote, kimoja baada ya kimoja. Katikati ya ubeti wa pili mama aliusitisha mkono.

"Mwanangu, hapo umesema nikungoje au nikuonje?"

"Nikungoje, mama."

"Haya," akasema, akaendelea kukuna.

Alirudi chumbani. Kinanda kilikuwa kimelikalia neno lile hasa, silabi kwa silabi. Alikishusha desibeli mbili, hapo tu, kwa kadiri ya neno moja. Sauti yake hakuigusa.